Usiionje Halua Yao

Mwanangu Zuwena,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, kama tulivyofundishwa skuli, lakini uko chumba cha pili na nakusikia ukiliburura sanduku lako kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku hilo, uisome kabla hujalifunga kamba.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kufunga milango, wala za kumwamkia mamdogo wako Salma kila asubuhi. Hayo nimeyasema mpaka nimejichosha, nawe kila nikisema unaitika "naam, mama" na kuendelea kukunja nguo. Nataka kuandika juu ya jambo moja tu, ambalo limenikera miaka yote niliyokaa nyuma ya pazia la duka letu, na leo limenizidi. Ni namna ya kumchagua mtu wa kufanya kazi katika duka la dawa. Kesho unapanda meli kwenda Wete, Pemba, kufungua duka letu la pili, na mtu wa kukusaidia huna. Baba yako mpaka leo alasiri alidhani unaye. Hilo nitalifikia.

Duka letu unalijua. Mbele iko meza ya baba yako na kabati za vioo, kisha pazia la kijani, na nyuma ya pazia niko mimi na mizani, kinu na chupa. Baba yako alijifunza kazi hospitali, akanifundisha mimi, na alipoona mkono wangu hautetemeki juu ya mizani akaniachia kuchanganya dawa zote. Wanunuzi wengi mpaka leo wanadhani dawa hutoka mikononi mwake. Sijalalamika. Lakini kila aliyekuja kutaka kazi kwetu, baba yako alimwona, mimi nilimsikia tu.

Na kwetu mtu haji kutaka kazi peke yake. Huja na mjomba wake, au baba yake mkubwa, au mzee wa mtaa, na mzee huyo huja na sahani ya halua iliyofunikwa kwa kitambaa. Kijana huketi ukingoni mwa kiti akitazama miguu yake, na mazungumzo huwa ya wazee wawili.

"Kijana wetu huyu, Kizungu anakijua kama maji."

"Mashaallah," baba yako husema.

"Hesabu ndo usiseme."

"Mashaallah."

"Na adabu zake, mwenyewe unamwona."

Baba yako humwona. Kitambaa hufunuliwa, kahawa humiminwa, halua huliwa, na hapo kazi imekwisha. Mara ngapi nimelivuta pazia wageni wakishaondoka, nikamuuliza, "Umemuuliza nini?"

"Nimuulize nini, Asha, na mjomba wake kaketi pale?"

"Anaweza kusoma karatasi ya daktari?"

"Ntaona muhali kumpa mtihani mtoto wa watu mbele ya mkubwa wake."

"Basi mkubwa wake mwambie atoke."

"Nshakula halua yao," husema, kama mtu aliyekwisha kula kiapo.

Huo muhali, Zuwena, hiyo haya ya kumuudhi mtu, ndio ugonjwa wa mji huu, na hatuna chupa yake katika kabati. Tunaona muhali kuuliza, tunaona muhali kukataa, tunaona muhali hata kumwambia mtu kwamba anatukanyaga mguu. Katika duka la nguo muhali huleta hasara ya kitambaa. Katika duka la dawa wenye kupata hasara ni watu ambao hawakuwapo wakati halua ikiliwa.

Usidhani mimi nilikuwa bora kuliko baba yako. Nilikuwa na ujinga wangu mwingine. Kwa kuwa sikuwaona watu, niliwachagua kwa sauti. Ulikuwa bado mtoto mdogo tulipotaka mtu wa kusimama mezani, wakaja wawili siku moja. Mmoja alitoka Tumbatu, na maneno yake yalikuwa ya kwao, mazito, yakitoka moja moja. Mwingine alikuwa Haruni, kijana wa hapa hapa mjini, na laiti ungemsikia akisema, Zuwena. Kila neno lilikaa mahali pake. Kha yake ilikuwa kha na ghaini yake ilikuwa ghaini. Mwalimu wetu wa skuli alikuwa akitusimamisha kutwa nzima tuseme namna ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza. Mimi nyuma ya pazia nikamnong'oneza baba yako, "Mchukue huyu." Yule wa Tumbatu akaondoka na mzee wake na sahani yake. Sijui angekuwaje. Labda angekuwa mbovu kuliko Haruni. Sikumuuliza hata swali moja, kwa hiyo sitajua.

Haruni alipendwa. Kila mnunuzi kwake alikuwa "mama yangu" au "babu yangu", na wote aliwapa walichotaka. Mimi nikisikia kicheko mbele ya pazia nilijisifu kwa kuchagua vizuri.

Siku moja akaja bibi wa Chwaka mwenye mjukuu anayekohoa, na mwenyewe anaumwa magoti. Nikamtengenezea dawa mbili, ya kunywa kwa mtoto na ya kuchua kwa magoti yake. Ya kuchua nikaitia katika chupa yenye mistari iliyoinuka, ile ambayo mkono ukiishika hata gizani unajua kwamba iliyomo ndani hainywewi. Bibi akaiona bei ya chupa ile, akatoa chupa yake mwenyewe katika kikapu, nyeupe, laini, iliyokuwa ya mafuta ya nywele.

"Nitilie humu, mwanangu, hiyo chupa yenu siitaki."

"Sawa, mama yangu," akasema Haruni, akaimimina.

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Nilikuwa na kinu mkononi. Nikasema moyoni nitamkanya baadaye, mbele ya wageni si vizuri. Umeona? Nami pia.

Chupa mbili zikafanana, mtoto akanyweshwa dawa ya kuchua. Mwenyezi Mungu alimtaka aishi, akatapika mapema, wakamleta mjini kwa gari la shamba, akakaa hospitali mpaka akapona. Bibi yake hakutulaumu hata kidogo, na hilo lilinikasirisha zaidi. Aliona muhali. Alikaa barazani kwetu na kutuomba radhi kwa usumbufu, na Haruni akalia, na baba yako akalia, na mimi nyuma ya pazia nikataka kuvunja kila kitu kilicho mbele yangu. Kila mmoja katika habari ile alikuwa mwema. Palikosekana mtu mmoja tu, mtu wa kusema, "La, mama, chupa hiyo haifai."

Tangu hapo nikaacha kusikiliza kha na ghaini. Nikajua ninachokitafuta: mtu anayeweza kukataa. Kusoma karatasi ya daktari kunafundishika. Kupima kunafundishika, wewe mwenyewe nilikufundisha ukiwa unasimama juu ya sanduku la chupa ili uifikie mizani. Lakini mtu asiyeweza kumkatalia bibi aliyemwita "mwanangu", huyo sikujua nimfundisheje, na bado sijui.

Ndipo nilipomwomba jirani yetu Bi. Rukia awe mnunuzi wa uongo. Wewe siku zote ulikuwa unacheka, kanga mdomoni, ukimsikia, lakini hukujua kwa nini namwita. Kila akija mtu wa kujaribiwa, namwambia baba yako amsimamishe mezani kidogo, na Bi. Rukia anaingia na buibui lake na chupa yake ya mafuta ya nywele. Anataka dawa ya kuchua itiwe humo. Akikataliwa anabembeleza. Akikataliwa tena anataja maradhi yake, kisha ya marehemu mumewe. Mwisho anamtukana kijana na waliomlea. Mwanamke yule anaifurahia kazi hii kupita kiasi, na mara mbili nimemwambia apunguze machozi.

Takriban wote walimtilia. Mmoja, mwenye cheti kizuri kuliko wote, alimtilia na kumfungia kizibo kwa uzi. Mwingine alikataa, lakini kwa ukali, akampigia kelele mpaka wapita njia wakasimama kuuliza Bi. Rukia anaumwa nini. Huyo naye hafai. Mji huu kuta zake zimekaribiana mno. Mtu anayenunua dawa ya upele hataki mtaa wa pili ujue.

Aliyefaulu ni Sleyum. Najua unavyomwona. Anakuja amenuna, anaondoka amenuna, na chai yangu haijapata kumpendeza hata siku moja. Lakini Bi. Rukia alipomlilia alisema polepole, "Chupa hiyo sitii, mama. Kaa kwenye kiti upumzike, na chupa hiyo sitii." Alipomtukana akasema, "Inshaallah," akaendelea kupanga chupa. Bi. Rukia akaingia nyuma ya pazia jasho linamtoka, akasema, "Huyu gogo. Mwajirini." Nimekaa naye miaka hii yote, kila siku ananiudhi, na kila siku nalala usingizi.

Sasa nifike kwa Shaaban.

Bwana Khelef ni rafiki wa baba yako, walisoma chuo cha Kurani pamoja, na tangu ujana wao huketi pamoja barazani kila siku baada ya sala ya alasiri. Aliposikia unakwenda kufungua duka Wete, akasema mtoto wa dada yake, Shaaban, ndiye atakayekusaidia. Hakuomba. Alisema, kama mtu anavyosema kesho ni Ijumaa. Na baba yako akasema, "Mashaallah."

Wiki iliyopita, ulipokuwa Mwanakwerekwe kumuaga bibi yako, nilimlazimisha baba yako amlete Shaaban dukani. Bi. Rukia akaingia, nami safari hii nikachungulia ukingoni mwa pazia. Shaaban ni kijana mpole, safi, ana kucha zilizokatwa vizuri. Bi. Rukia hata hakufika kwenye maradhi ya marehemu. Alisema "mwanangu" mara moja, na kijana akaipokea chupa ya mafuta ya nywele, akaisuuza kwanza, akamtilia.

"Kaisuuza," akasema baba yako usiku huo. "Umeona usafi wake?"

"Nimeona."

"Na ana huruma."

"Haruni naye alikuwa na huruma."

Baba yako akavua kofia, akaiweka magotini. Kisha akasema, "Nimwambie nini Khelef? Hebu niambie, Asha. Niketi naye barazani nimwambie nini?"

Nikakasirika, nikazima taa. Siku zikapita. Mimi ninayemwita Bi. Rukia aje kuwalilia watoto wa watu ili nione kama wanaweza kukataa, nilikaa wiki nzima nyuma ya pazia nikisubiri baba yako akatae badala yangu, nami namjua baba yako.

Leo baada ya alasiri, Sleyum keshakwenda kwao na wewe umetoka kwenda kuwaaga shoga zako, Bwana Khelef akaja dukani na Shaaban, na Shaaban kavaa nguo mpya alizoshonewa kwa safari. Sahani ya halua ilikuwa kubwa, ile sahani yao ya maua mekundu ambayo huitoa kwa harusi. Nikasikia kitambaa kikifunuliwa. Nikasikia vikombe. Bwana Khelef akasema kwamba tiketi ya kijana imeshakatwa, na kwamba kesho wewe na yeye mtakwenda bandarini Malindi kwa gari moja, na mamdogo wako Salma atawasubiri Wete. Baba yako hakusema "mashaallah". Nikajua kwamba mkono wake umekwishaanza safari ya kuiendea halua.

Nikavaa buibui langu na kulifungua pazia.

Sijapata kutoka mbele ya pazia lile duka likiwa na wageni. Hata kabati sikulijua kwa upande ule, lilionekana dogo. Wote watatu walinitazama kana kwamba mizani ndiyo imetoka kutembea.

"Shikamoo, Bi. Asha," akasema Shaaban.

"Marahaba, mwanangu." Nikaichukua sahani mezani, nikaifunika kwa kitambaa chake, nikampa Bwana Khelef mikononi.

"Bi. Asha," akasema taratibu, "halua hairudishwi."

"Najua, Bwana Khelef. Ndo maana nakurudishia mwenyewe, sikumtuma mtu. Shaaban hatakwenda Wete. Ni kijana mwema na kazi hii haimfai. Sisi wenyewe tumeona, na tumekaa wiki nzima tumenyamaza, hilo ni kosa letu na tunakutaka radhi. Kwa kumzuia safari hatukutaki radhi."

Bwana Khelef akamgeukia baba yako. "Nawe ndo maneno yako haya?"

Baba yako alikirudisha kikombe chake mezani. Kisha akasema, "Ndo maneno yangu. Kayasema yeye kwa sababu mie nilikuwa siwezi."

Nilidhani sasa kijana atalia, au atasimama kwa hasira. Alishusha pumzi. Mabega yake yote mawili yalishuka, Zuwena, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mjomba," akasema, "na mie nilikuwa sitaki kwenda."

"Nini?"

"Pemba sitaki. Dawa sizipendi, harufu yake inanitia kichefuchefu. Fundi wa saa pale Malindi kaniambia nikajifunze kwake, tangu mwezi wa Ramadhani."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mjomba. Ulikuja na halua."

Bwana Khelef akaondoka na sahani yake, Shaaban nyuma yake, na mlangoni kijana akanigeukia akaniinamishia kichwa kidogo kwa shukrani. Baada ya magharibi baba yako alikwenda barazani akakaa peke yake. Bwana Khelef hakuja. Sijui kama atakuja kesho, au mwezi ujao. Baba yako hajanilaumu, lakini chakula hakukila, na mimi nimekaa hapa nimeghadhibika na kila mtu, na mimi mwenyewe wa kwanza.

Kwa maana nimewasikiliza vijana wangapi nyuma ya pazia lile? Nimewajaribu kwa machozi ya Bi. Rukia, nimewapima kama ninavyopima kwinini. Na sikumuuliza hata mmoja wao kitu ambacho kijana huyu alikuwa tayari kukijibu tangu siku ya kwanza. Unaitaka kazi hii, au umeletwa?

Kwa hiyo ukifika Wete, wakija na mjomba, mkaribishe mjomba barazani kwa mamdogo wako na umtilie kahawa. Kijana, au msichana, maana sioni kwa nini asiwe msichana, mwite mezani kwako peke yake. Mtazame mikono. Mpe karatasi ya daktari iliyoandikwa vibaya. Mtafute Bi. Rukia wa huko, kila mtaa unaye. Lakini kwanza muulize hilo la Shaaban, na halua usiionje mpaka umeshajibiwa. Hutakuwa na pazia la kujificha, na nimefurahi kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilikusudia kuishia hapo. Nimeisoma barua tangu mwanzo, kama tulivyozoezwa kufanya kabla ya kumpa mwalimu, na nimefika pale nilipoandika kwamba kila nikisema unaitika "naam, mama" na kuendelea kukunja nguo.

Zuwena, habari ya Wete tuliamua mimi na baba yako, mezani, wewe ukiwa jikoni. Tulikupa habari, hatukukupa swali. Ulipoanza kutoa nguo kabatini nikadhani ndilo jibu. Nimekujaribu katika kila kitu, katika mizani, katika kusoma, katika kufunga mdomo juu ya maradhi ya watu, na umefaulu kote. Sijui kama unaweza kunikatalia mimi, kwa sababu sijapata kukupa nafasi.

Basi nakuuliza, kwa kalamu, kwa kuwa nikija hapo mlangoni utaniitika "naam" kabla sijamaliza. Unataka kwenda Wete?

Mimi natumaini unataka. Natumaini sana, na usinionee muhali kwa hilo. Asubuhi nitakuwa jikoni mapema, natia chai. Njoo unijibu kabla gari halijafika. Ukisema hapana, sanduku nitalifungua kwa mikono yangu. Nitakasirika, unanijua, lakini nitakasirika huku nalifungua. Na ukisema ndiyo, iseme kwa sauti yako, uniangalie usoni, nisikie inavyokuwa.

Mama yako,
Asha